Mizani ya Tisa

Mtihani wa majaribio, Kidato cha Tatu, Mtambwe.
Karatasi arubaini na moja, zote zanukia karafuu,
kwa kuwa mikono iliyoziandika
usiku wake ilikuwa ikichambua vikonyo.

Swali la sita: Soma shairi hili, kisha ujibu.
"Mshairi hajulikani," niliandika juu yake.
Uongo mdogo. Namjua. Nnavaa viatu vyake.

    Mlango nimeufunga, ufunguo u kitini
    Kitanda nimekipanga, mito miwili kichwani
    Sikuiondoa kanga, yako ingaliko kambani
    Natoka ndani natanga, narejea ukumbini

Mwongozo wa kusahihisha ni wangu pia.
Takriri, alama moja. Taswira, moja.
Tarbia, vina vya -nga na -ni,
mizani kumi na sita kila mshororo: alama mbili.
Hamad Faki kaandika: "Tashihisi.
Ufunguo umekaa kitini kama mgeni."
Nikacheka, nikampa.
Mwengine kaandika: "Mbinu aliyotumia mshairi ni usafi."
Nikatia kosa. Nikaitazama nyumba yangu. Nikaifuta kosa.

Ya thelathini na nane ni ya Mize Shaame,
aliyekosa vipindi wiki tatu za msimu.
Takriri hata hakuitaja.

"Hili limevaa nguo za shairi," kaandika,
"lakini ni mchezo wa kuigiza.
Jukwaani yumo mtu mmoja na kanga moja,
na mwenye la kusema ni kanga.
Mshairi ametuficha jina la kanga.
Ameficha na jina la mwenyewe.
Ingekuwa hadithi, msimulizi angetwambia
aliyeondoka kaenda wapi:
kwao, Mombasa, au kaburini.
Huyu anatuhisabia mito.

"Halafu mshororo wa tatu, utao:
ya-ko-i-nga-li-ko-ka-mba-ni.
Tisa.
Nimehisabu mara nne, mwalimu,
kwa vidole, kisha kwa vikonyo vilivyobaki mfukoni.
Baba hunambia tukifikisha gunia kituoni:
mizani ikizidi, usitazame mshale, tafuta kidole.
Kilichozidi hapa ni 'ko'.
Kamba anaiona, ipo uani, ingestahiki 'po'.
'Ko' ni ya kitu usichojua hasa kilipo.
Kwa hivyo hapa hakusema kanga."

Niliweka kalamu chini.

Miaka mitano shairi limelala kwenye mtoto wa meza,
nikilitoa, nikilipima, nikilirudisha,
mimi ninayewachapa watu kwa mizani saba,
na sikuisikia.
Na watoto thelathini na saba nimeshawapa mbili mbili
kwa kuandika "kumi na sita kila mshororo".
Wao hawakuhisabu. Waliniamini.

Nikachukua kalamu ya risasi nilitengeneze.
Yako ingali kambani.
Nane, sawasawa,
kama chenji kwenye kiganja cha karani.
Nikausoma mshororo kwa sauti,
nikachungulia dirishani,
na uani mlikuwa na kamba tu.

Nikairudisha "ko".

Pembeni mwa karatasi ya Mize niliandika: "Umejuaje?"
Nikakata. Mwalimu haulizi hivyo.
Nikaandika: "Vizuri. Usikose vipindi."
Nikampa tisa.

Swali lilikuwa la alama nane.